Dokta Badibanga na Nguvu za Kopo

Badibanga hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi, na pensheni yake ilikuwa imestaafu miaka mingi kabla yake. Lakini tangu alipoweka meza chini ya bati, kando ya barabara inayotoka Dilala kwenda machimboni, wachimbaji walimwita Dokta, na baada ya mwezi mmoja alichoka kuwasahihisha. Aliwapima tansiyo, yaani msukumo wa damu, akawapima uzito, kisha akawauliza wamekula nini. Swali hilo la mwisho ndilo lililomletea taabu. Watu wengi wanapenda kupimwa. Wanaopenda kuulizwa ni wachache.

Sisi majirani tulimjua kama mtu wa kusoma maandishi madogo. Ukimpa soda, kwanza ataigeuza chupa aone kilichomo. Ukimkaribisha biskuti kwenye matanga, ataomba karatasi yake. Tabia hiyo aliipata stesheni.

Alizaliwa hapa hapa Dilala, upande mmoja wa mji wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Baba yake alikuwa ameletwa kutoka Kasai kabla ya uhuru kuja kufanya kazi ya mgodi, lakini Kasai yenyewe Badibanga hakuwa amewahi kuiona. Kwa hiyo mwaka 1993, migodi ilipokuwa inakufa na kila mtu anatafuta wa kumlaumu, alipoambiwa, kama watu wote wa asili ya Kasai, arudi kwao, aliuliza kwa moyo safi kabisa: ni wapi? Jibu alilipata stesheni ya Kolwezi. Pale yeye, mkewe Mianda, mtoto wao Rachelle na mama yake mzee walingoja treni kwa majuma kumi na moja, pamoja na maelfu ya wengine, katikati ya vitanda, mbuzi na vyerehani.

Kwa kuwa alikuwa muuguzi, watu wa misaada walimpa kazi ya kugawa biskuti za nguvu. Zilikuwa ngumu, rangi ya udongo, na kwenye karatasi zake kila kilichomo kiliandikwa: unga, mafuta, sukari, vitamini hii na ile. Watu walizichukia. Mama yake aliuma moja, akaitema kiganjani.

"Hii ni chaki," akasema. "Banatufukuza, halafu banatulisha chaki."

Badibanga akajifunza kuziloweka katika maji ya moto mpaka ziwe uji. Aliwapa watoto, na kwa macho yake aliona watoto waliokuwa hawawezi kusimama wakianza tena kupigana. Mama yake aliukataa uji huo. Alizikwa Kolwezi siku tisa kabla treni haijafika, na kwa njia hiyo akawa mtu pekee wa familia ambaye hakuna aliyeweza kumfukuza.

Walirudi kutoka Kasai mwaka 2004, shaba ilipoanza tena kunukia. Katika nyumba ya kampuni walikuta familia nyingine, watu wastaarabu, waliowakaribisha chai sebuleni, mahali pale pale Rachelle alipojifunzia kutembea. Badibanga akanywa chai, akashukuru, akapanga nyumba mtaa wa pili.

Sasa tufike mwaka 2018. Kobalti ilikuwa juu. Vijana walitoka kila upande wa nchi kuja kuchimba, na kila mmoja alikuwa tajiri wa kesho. Kila tajiri wa kesho ana kiu. Ndipo mzee Kisimba, kwa lugha yetu tata Kisimba, mwenye depo ya vinywaji karibu na soko, alipoanza kuleta kutoka ng'ambo ya mpaka kinywaji kiitwacho Turbini. Kilikuwa kopo jeusi lenye picha ya gurudumu linalotoa cheche. Watu walitania kwamba umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini bila kutusalimu, basi angalau huu umefungwa katika kopo, mtu anaweza kuushika. Pamoja na Turbini kulikuja kipande cha shayiri na sukari kilichobanwa na kuvishwa karatasi ya dhahabu. Jina lake lilikuwa la Kifaransa na refu, kwa hiyo wachimbaji walikiita tofali.

Mteja wa kwanza kumwambia Badibanga habari hizo alikuwa Mbayo, kijana wa Tenke, kiongozi wa kundi la wachimbaji wanane, mtu mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono.

"Moyo yangu iko namna gani, Dokta?"

"Inakimbia kama mutu mwenye banafukuza. Ulikula nini leo?"

"Turbini mbili na tofali moja."

"Nauliza chakula."

"Njo nakuambia, tata. Bukari inaleta usingizi mu shimo. Turbini inafungua macho." Bukari ndio ugali wetu.

Badibanga aliomba kopo tupu, akavaa miwani, akasoma upande ule ambao hauna picha. Alisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini.

"Sukari ya vijiko kumi na mbili," akasema. "Kahawa ya vikombe viwili. Bengine ni rangi na maneno."

"Lakini inapunguza kuchoka."

"Haipunguze. Inakukataza kusikia kama umechoka. Si kitu kimoja, mwana yangu. Mu shimo, mutu mwenye hasikie kuchoka njo mutu mwenye anasahau kuangalia juu."

Mbayo alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akatoa tofali mfukoni, limegandamana kwa joto, akaliweka kwenye mizani. Badibanga alilipima na kulinganisha na nuga, ile ya kalanga iliyopikwa na sukari ambayo wamama wetu huikata vipande na kuiuza katika beseni. Nuga ilishinda kwa uzito, kwa mafuta, kwa kila kitu isipokuwa karatasi.

"Tofali haina sumu," akatoa hukumu yake. "Ni biskuti yenye kuvaa koti."

Alifurahi sana siku ile. Alijiona kama mtu aliyepewa tena kazi ya stesheni, safari hii bila treni. Akaanza kumwambia kila aliyeketi kwenye kiti chake: Turbini inaingia mpaka moyoni, inaukimbiza, inaupiga kama injini isiyo na breki. Aliongea kwa mikono yote miwili. Aliongea mpaka waendesha pikipiki wakasimama kusikiliza.

Juma lililofuata, Turbini iliisha mtaani. Mbayo ndiye aliyempa sababu, akicheka kwa furaha ya kweli.

"Dokta, ulituambia muzuri! Bale bengine banauza soda, haifike popote. Lakini hii, weye mwenyewe ulisema inaingia paka mu moyo. Kama injini!"

Badibanga alirudi nyumbani mapema. Sasa lazima niseme jambo ambalo yeye hakupenda lisemwe: Turbini iliyoisha mtaani iliishia kwa mkewe. Mianda alikuwa na kioski mbele ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka ile meza. Aliuza sabuni, mishumaa, mafuta, na tangu mwaka ule, Turbini na tofali. Wachimbaji walitoka kwa mume wakiwa na hofu, wakapita kwa mke kuituliza.

"Mama Rachelle," Badibanga akasema, "mi nasema ile kintu ni mubaya, na weye unauzisha."

"Endelea kusema, tata Rachelle," Mianda akajibu bila kuinua kichwa. Alikuwa anapanga makopo. "Wakati unanyamaza, sabuni njo inatoka. Wakati unasema, hii njo inatoka."

"Batu batakufa."

"Bale batoto banaingia mu shimo ya metre makumi tatu na kamba ya nailoni. Na weye unaogopa sukari."

Badibanga alijua kwamba mashine ya tansiyo ilinunuliwa na kioski, kwamba bukari ya jioni ilitoka kwenye kioski, na kwamba kwa meza yake alikuwa anaendesha, bila kutaka, idara ya matangazo ya mkewe.

Akabadili mbinu. Ikiwa kuwatisha watu kuhusu Turbini kunaipa sifa, basi ataidharau. Asubuhi moja ya Jumamosi alichemsha chai nzito mpaka ikawa nyeusi, akahesabu vijiko kumi na viwili vya sukari, akakamua ndimu, akapoza. Akawaita Mbayo na kundi lake lote, akawapa vikombe vya plastiki, nusu vikiwa na Turbini, nusu na chai yake, wala hakuwaambia ipi ni ipi. Alitaka wajue wananunua chai baridi.

Walikunywa. Wakaenda kazini. Mchana walirudi wakiwa na uso wa watu walioona ajabu, na wale waliokunywa chai ndio waliokuwa na sauti kubwa zaidi. Badibanga akawafunulia siri ya vikombe.

"Dokta," Mbayo akasema, "ile yako iko na nguvu kupita ya kopo. Tunaomba utuuzie."

Kwa siku sita Mianda aliuza chai ya mumewe katika chupa za plastiki. Watu waliiita Turbini ya Dokta. Badibanga alipita mbele ya kioski akiangalia upande wa pili wa barabara, kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba.

Siku ya saba lilikuja gari jeupe la tata Kisimba.

Mianda aliliona kwanza. Kisimba alikuwa mtu wa familia kubwa ya kaskazini ya Katanga, mwenye ndugu katika kila ofisi. Mianda na mumewe walikuwa watu ambao mji huu uliwahi kuwapakia treni. Miaka ishirini na mitano ni mingi kwa kalenda tu. Alimkimbilia mumewe mezani, akamnong'oneza haraka.

"Nilikuambia. Sisi hapa tunasemaka na mudomo nusu. Muombe musamaha mbele mambo haijaanza."

Kisimba alishuka polepole; alikuwa mnene na mpole, na pumzi yake ilisikika kabla hajafika. Akamwambia dereva azunguke sokoni. Akasalimia, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akakunja mkono wa shati.

"Munipime, tata," akasema. "Lakini batu basijue."

Badibanga alimpima. Namba zilipanda mahali ambapo hakuwahi kuziona kwa mtu aliyekaa. Akamuuliza, kwa sauti ya woga kidogo, anakunywa Turbini ngapi kwa siku.

"Mi?" Kisimba alishtuka kama aliyetukanwa. "Mi sikunywake ile bitu! Niko na sukari tangu myaka munane. Mi ni munkoyo tu, ile ya muke wangu, bila kutia kitu." Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi; wazee wanaupenda ukiwa na siku moja.

Akamwagiza apunguze chumvi, atembee, aende hospitalini. Kisimba aliitikia kila neno. Kisha akashusha mkono wa shati, akawa mfanyabiashara tena.

"Sasa tuseme ya kazi. Nilikuwa nataka ushike mikro siku ya matangazo yetu, useme Turbini ni muzuri. Bengine balinikataza, balisema utakataa."

"Nitakataa, tata. Munisamehe."

"Nilijua. Basi nakuomba kitu ingine. Endelea kuisema mubaya."

"Namna gani?"

"Tangu ulianza, nimeagiza kamio ya pili, yenye kujaa makopo. Lakini hii mambo ya chai, acha. Ile inaniumiza."

Akasimama, akamshukuru kwa mikono miwili, akaondoka. Mianda alicheka mpaka akaketi chini. Kicheko cha mtu aliyeponea. Badibanga hakucheka. Nilimwona jioni ile akiwa mlangoni, na akaniambia kwamba kutishwa angeweza kuvumilia, alikuwa na uzoefu. Kushukuriwa ndiko kulikomchoma. Aliacha chai, akaacha na hotuba. Kwa miezi kadhaa alipima watu kimya, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akawapa bila neno. Mauzo ya Turbini hayakuyumba.

Yaliyumba baadaye, na si kwa kazi ya muuguzi. Kuelekea mwisho wa mwaka bei ya kobalti ilianza kuanguka, na baada ya Noeli ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Wanunuzi wa madini walifunga vibanda, mmoja leo, watatu kesho. Gunia lililolisha nyumba kwa juma sasa halikutosha siku mbili. Wachimbaji wakaacha Turbini. Wakaacha tofali. Wakarudi kwenye munkoyo, kwenye mihogo mikavu na kalanga mkononi, kwenye bukari ya asubuhi na sombe, yaani kisamvu.

Na tansiyo zikashuka! Badibanga alipima, akapima tena, hakuamini. Mioyo iliyokuwa inakimbia sasa ilitembea. Mbayo mwenyewe alikuwa na namba za mwanafunzi. Kile ambacho sayansi ilishindwa kwa mwaka mzima, soko lilikifanya kwa majuma matatu, bila meza wala miwani.

Alifurahi kwa siku chache, halafu akaona aibu ya furaha yake. Maana mizani ilianza kusema jambo jingine. Mwezi wa pili Mbayo alikuwa amepungua kilo tatu. Mwezi wa nne, sita. Kalanga zikapungua mkononi, bukari ikawa ya siku moja kati ya mbili.

"Unakula?" Badibanga alimuuliza.

"Nakula, tata."

"Ulikula jana?"

Mbayo aliangalia barabara. "Jana nilikunywa maji mingi," akasema.

Siku ile Badibanga alimpeleka nyumbani, na Mianda akampa sahani bila kuuliza ni nani. Hakuwa wa mwisho. Katika kioski maboksi manne ya Turbini na tofali yalikaa juu ya rafu tangu Pasaka, yakishika vumbi jekundu, na Mianda aliyafuta kila Jumatatu kama picha za marehemu.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi, amri ilitoka. Ardhi ile ya machimbo ilikuwa ya kampuni, karatasi zilisema hivyo, na wachimbaji walipewa siku chache watoke. Waliopewa siku chache hawana kawaida ya kuamini. Nani anaacha shimo lililomla mwaka? Asubuhi moja malori ya askari yalipita mbele ya meza kuelekea machimboni. Kabla ya adhuhuri watu walianza kurudi kwa njia ile ile, kwa miguu, mamia, baadaye maelfu, na sururu, magodoro, sufuria, mabati waliyobomoa wenyewe kwenye vibanda vyao. Waliobeba vitu vizito hawakuzungumza. Wasio na kitu walipiga kelele.

Badibanga alisimama nyuma ya meza. Mianda alikuja akasimama karibu naye, jambo ambalo hakulifanya kamwe saa za kazi. Hakuna kati yao aliyetaja stesheni.

"Hata maji hatuna ya kubapa," Mianda akasema. Bomba lilikuwa kavu tangu jana.

Ndipo wakamwona Mbayo. Alikuja akiyumba, amebeba gunia tupu begani kana kwamba lina uzito, na alipofika karibu na meza miguu ilimwisha. Alianguka kwa upande, taratibu, kama mtu anayelala. Kundi lake likamzunguka. Badibanga aliwasukuma, akapiga magoti vumbini, akamnyoosha, akainua miguu yake juu ya gunia. Ngozi ilikuwa baridi na yenye jasho, mikono ilitetemeka. Mapigo yalikuwa mepesi na ya haraka.

"Alikula lini?" akauliza.

Wenzake wakatazamana. "Juzi," mmoja akasema. "Labda mbele ya juzi."

Mbayo akafungua macho, akajaribu kusema kitu. Alikuwa anaweza kumeza, hilo lilikuwa jema.

"Mama Rachelle! Sukari mu maji, mbio!"

"Sukari iliisha juzi. Soko inafungwa. Na maji unajua."

"Kuko nini?"

Mianda aligeuka akaitazama rafu yake. Katika miaka thelathini ya ndoa sidhani kama aliwahi kumhurumia mumewe kama dakika ile.

"Kuko paka Turbini," akasema. Turbini peke yake.

Umati wote ulikuwa unasikiliza. Badibanga alifunga macho kidogo. Vijiko kumi na viwili, nadhani, ndivyo alivyokuwa anafikiri. Alivihesabu yeye mwenyewe. Akanyoosha mkono, na Mianda akaweka kopo jeusi kiganjani mwake. Akalifuta vumbi, akalifungua, likatoa sauti ile yake ya kupiga chafya. Akamwinua Mbayo kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, kifuniko kwa kifuniko, akitumia kifuniko cha chupa ya mafuta. Baada ya nusu ya kopo akamkatalia iliyobaki. Akaomba tofali, akalivunja vipande, akampa kimoja kimoja.

Baada ya robo saa uso wa Mbayo ulirudi. Aliketi. Akaangalia kopo, akamwangalia Badibanga, na hata katika hali ile mdomo wake haukuweza kunyamaza.

"Dokta," akasema kwa sauti ndogo, "inaingia paka mu moyo."

Watu walicheka, wale wale waliokuwa wanalia. Badibanga pia alicheka, na alipoanza kucheka hakuweza kuacha, mpaka Mianda akamshika bega, kwa sababu haikuwa tena kicheko.

Mchana ule waligawa maboksi yote manne. Hawakuuza. Nusu kopo kwa kila aliyekuwa na dalili za kuzimia kwa njaa, aliyeketi kwenye kiti na kupimwa, na robo ya tofali juu yake. Na yeyote aliyekuwa na chakula cha namna yoyote aliambiwa aende akakile badala yake. Wanawake wa mtaa walileta walichokuwa nacho, mihogo, nuga, bukari ya jana. Mama wa ile nyumba yao ya zamani ya kampuni alileta sufuria nzima ya sombe, akaiweka mezani, akarudi bila kusubiri kushukuriwa.

Habari zilimfikia Kisimba kesho yake. Alikuja akiwa na mpiga picha na uso unaong'aa: Dokta Badibanga, adui wa Turbini, ameponya watu kwa Turbini mbele ya mji mzima! Alikuwa na maneno ya bango tayari. Badibanga alimsikiliza mpaka mwisho, akampima tansiyo, akamwambia imeshuka, hongera.

"Na bango?" Kisimba akauliza.

"Tata, muangalie barabara."

Kisimba aliangalia. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Wanywaji wa Turbini walikuwa wamekwenda, wengine Fungurume, wengine Tenke, wengine makwao, wakijua huko ni wapi au wasijue. Akamlipa mpiga picha kwa kuja bure. Mwezi wa kumi depo yake ilikuwa inauza mabati.

Katika parokia yetu, baada ya hayo, chama cha wamama kilimwalika Badibanga aje aeleze ukweli: vinywaji vile vina faida au hapana? Aliongea karibu saa nzima. Alisema kwa mtu mwenye chakula nyumbani, kopo lile ni chai baridi ya ghali, na tofali ni biskuti yenye kuvaa koti. Alisema kwa moyo mbovu ni hatari, kwa mtoto ni upumbavu. Alisema pia kwamba kuna siku moja ambayo ni dawa, nayo ni siku ambayo vingine vyote vimeshindwa kufika, na kwamba mtu asijenge maisha yake akiitazamia siku hiyo. Wamama walimpigia makofi. Kisha mama mmoja wa mbele akainua mkono, akaomba waandikiwe ile chai ya ndimu, wapate kuiuza kwenye kermesi, gulio la parokia.

Mbayo alirudi kututembelea mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Alikuwa ameshiba, amevaa viatu vya ngozi na kofia yenye nembo. Tulidhani amepata shimo zuri. Hapana: alikuwa mlinzi. Kampuni moja upande wa Tenke ilimwajiri alinde ua wake ili wachimbaji wasipenye.

"Nani anajua mipango ya bachimbaji kupita mi?" akasema, akinyoosha mkono apimwe.

Tansiyo ilikuwa safi. Uzito ulikuwa umerudi, na zaidi. Badibanga aliridhika sana, akamuuliza anakula nini kazini.

"Banatupa karto ya chakula kila siku. Muko kopo moja ya nguvu na tofali mbili. Bule."

Badibanga alishusha miwani. "Na weye unakunywa? Kila siku?"

"Mi? Hapana, tata!" Mbayo alicheka. "Weye ulinifundisha. Mi nakula bukari ya muke wangu. Zile nauzishaka."

"Kwa nani?"

"Kwa bachimbaji," Mbayo akasema. "Mu tundu ya ua. Banapita pale kila siku, na banakuwaka na kiu."

Mianda alikuwa anaweka sahani. Alimtazama mumewe, akangoja hotuba. Badibanga alikunja mashine yake, mpira na kitambaa, akaitia kwenye mfuko. Kisha akavuta kiti, akasema bukari inapoa.